Kanuni ya Bredt, mpini wa kikapu na Daraja la Kigamboni

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia wa kidato cha tano na cha sita hapa Mbagala. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu alinionyesha kwenye simu habari kwamba wanakemia wa California wameivunja kanuni ya Bredt iliyodumu miaka 100, na wametengeneza molekuli ambayo vitabu vinasema haiwezekani. Darasa zima likanigeukia: "Sasa mwalimu, hizi kanuni tunazikariri za nini?" Nikawaahidi jibu. Je, vitabu vilikosea? Vichocheo vinahusikaje na molekuli za ajabu kama hizi? Na wakiniuliza zinatuhusu nini sisi wa Dar, niwaambie nini?

JIBU: Mwalimu, nashukuru kwamba hukumfokea huyo kijana wala hukumpa jibu la kumnyamazisha. Swali lake limenikaa kichwani siku kadhaa, kwa sababu hata mimi nilipokuwa nasoma niliikariri kanuni hiyo kama amri, na hakuna aliyeniambia ilitoka wapi.

Kuna fundo moja hapa, tulifungue kwanza. Vitabu vya kemia vikisema kitu "hakiwezekani", mara nyingi vinakusudia moja kati ya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Ama kitu hicho kikitokea hakidumu, ama hakuna aliyewahi kupata njia ya kukifikia. Kanuni ya Bredt inahusu kutodumu. Vichocheo vinahusu njia. Aliyeandika ile habari ya kwenye simu ametia vyote kwenye sufuria moja, ndiyo maana darasa limebaki na ukungu.

Tuanze na Bredt. Chukua kikapu cha ukindu chenye mpini mmoja unaopita juu, kama kile cha kwendea sokoni. Mdomo wa kikapu ni duara, na mpini unaunganisha pande mbili za duara hilo. Molekuli nyingi za kaboni zina umbo hilohilo: duara la atomu, na juu yake mpini mfupi wa atomu. Mojawapo umeinusa tangu utotoni, nayo ni kafuri. Kafuri ni kikapu kidogo sana, mdomo wake una atomu sita za kaboni na mpini wake una atomu moja tu. Mjerumani Julius Bredt ndiye aliyelipata umbo lake sahihi mwaka 1893. Aliendelea kuichunguza kafuri na jamaa zake kwa miaka mingi, na mwaka 1924 akaiweka wazi kanuni yake: katika vikapu vya namna hii, kifungo maradufu, yaani kaboni mbili zilizoshikana mara mbili badala ya mara moja, hakikai pale mpini unapokutana na mdomo.

Kwa nini hakikai? Kifungo maradufu kinataka mambo yalale bapa. Kila kaboni ya kifungo hicho ina mikono mitatu, na yote inatakiwa ilale kama vijiti vitatu juu ya meza, vikiachana kwa nyuzi karibu 120. Hapo ndipo mawingu ya elektroni ya kaboni mbili jirani yanasimama sambamba na kushikana ubavu kwa ubavu. Sasa tazama pale mpini unapoanzia. Mikono miwili inafuata mdomo wa kikapu, wa tatu unavutwa juu na mpini. Ukitaka kuilaza yote mitatu, utaupinda mdomo au utauvunja mpini. Mawingu ya elektroni yanabaki yamepishana, yanashikana kwa shida, na molekuli inakuwa kama mtego uliotegwa: kitu cha kwanza kitakachoigusa kitaifyatua.

Nimesema kikapu kidogo, na neno "kidogo" ndilo lenye uzito. Kikapu kikubwa chenye mpini mrefu uliolegea, mpini wake unaweza kuulaza ubavuni bila tabu. Kwenye kemia ni vivyo hivyo. Mwaka 1967 wanakemia wawili wa Marekani, Wiseman na Marshall, kila mmoja kivyake, walitengeneza kikapu cha kaboni tisa chenye kifungo maradufu mahali palipokatazwa, na kikakaa. Kuna mfano mkubwa zaidi ya huo. Dawa ya saratani iitwayo paklitakseli, ambayo kinamama wengi wenye saratani ya matiti wameitundikiwa kwenye dripu, ina kifungo maradufu hapohapo, kwenye maungio ya mpini. Ilipatikana kwenye gome la mti wa Taxus brevifolia, magharibi mwa Marekani. Mti haukusoma kitabu chochote. Kikapu chake ni kipana, mpini una nafasi ya kulala.

Kwa hiyo hata kabla ya habari ya juzi, mwanakemia makini hakuichukua kanuni ya Bredt kama ukuta. Kilichokuwa hakijafanyika ni kuvipata vile vikapu vidogo kabisa, vya ukubwa wa kafuri, kwa njia ya uhakika ambayo mtu anaweza kuitumia kazini. Hilo ndilo lililofanywa na maabara ya Neil Garg, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na kutangazwa Novemba 2024. Walitengeneza kwanza molekuli tangulizi, yenye kundi la silikoni kwenye kaboni moja na kundi linaloondoka kirahisi kwenye kaboni ya jirani. Kisha wakaongeza chumvi ya floridi. Floridi na silikoni zikikutana haziachani. Floridi inaing'oa silikoni, elektroni zilizoachwa zinasukumana kwenda kwa jirani, lile kundi jepesi linatoka, na kifungo maradufu kinazaliwa mahali kisipotakiwa.

Je, molekuli hiyo ilitiwa kwenye chupa ikabandikwa lebo? Hapana. Ndani ya chombo kilekile waliweka molekuli nyingine iliyokuwa ikisubiri, na kikapu kilichopindika kilipotokea tu kikadakwa. Kilichobaki mwisho wa siku ni zao la kudakwa, na umbo la zao hilo ndilo linaloshuhudia kwamba kikapu kilipita hapo. Kanuni ilisema hakitadumu, na kweli hakikudumu. Lakini wakati mfupi ule ulitosha kukifanyisha kazi, na kazi yenyewe ni nzuri: molekuli iliyojaa mkazo hivi hujenga maumbo mazito ya pande tatu, ambayo watengenezaji wa dawa wanayatafuta. Garg mwenyewe alisema kanuni za aina hii zichukuliwe kama mwongozo. Nakubaliana naye, na ningeongeza kwamba mwongozo mzuri unataja na mipaka yake. Ubaoni usiandike "hakuna kifungo maradufu kwenye maungio". Andika "kadiri kikapu kinavyokuwa kidogo, ndivyo kifungo hicho kinavyokuwa na mkazo mkubwa". Sentensi ya pili haijavunjwa na mtu, na mtihani bado wataujibu.

Ona pia, mwalimu, kwamba katika hadithi yote hiyo hakuna kichocheo. Floridi ile inatumika na kuisha, imeshikana na silikoni moja kwa moja. Kwa hiyo swali lako la pili ni habari nyingine, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Mama yangu alikuwa anapika togwa. Uji wa mahindi ulipikwa mzito, mzito hasa, kiasi kwamba mwiko ukiusimamisha katikati ya sufuria unabaki umesimama. Uji ukiepuliwa unaachwa upoe mpaka unapoweza kutia kidole na kukitoa haraka bila kuungua. Kisha anachukua konzi moja ya unga wa kimea, ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, anautia na kukoroga. Baada ya dakika chache mwiko unaanza kuegemea, mara unalala kwenye ukingo wa sufuria. Uji uliokuwa unakatika mabonge sasa unamiminika, na ukiuonja ni mtamu, wala sukari haijawekwa. Nilikuwa nadhani ni maji ya kimea yanayouyeyusha. Lakini kimea ni unga mkavu.

Kilichofanyika ni kwamba mbegu inapoota hutengeneza kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kichocheo, kinachoitwa amilasi, na wanga si kitu kingine bali mnyororo mrefu wa sukari. Amilasi inakaa juu ya mnyororo, inasaidia maji kuukata, inaruka kwenye mnyororo mwingine. Haiishi. Ndiyo maana konzi moja inatosha sufuria nzima. Wanga ungeweza kukatika hata bila kimea, maana maji yako pale na sukari ni hali tulivu zaidi, ila ungengoja na kungoja na uji ungeoza kwanza. Amilasi haikuuonyesha uji mahali pa kwenda. Iliufungulia njia fupi, na hiyo ndiyo kazi ya kichocheo.

Wanafunzi wako wa Mbagala watalielewa hili kwa daraja. Kabla ya Daraja la Nyerere, lile la Kigamboni, kufunguliwa mwaka 2016, mtu aliyetaka kwenda Kigamboni alipanda pantoni pale Magogoni au akazunguka kote kupitia Kongowe. Daraja halikuisogeza Kigamboni hata hatua moja. Halikuongeza idadi ya watu wanaotaka kuhamia huko. Na jambo ambalo wanafunzi husahau kwenye mtihani: daraja linaharakisha wanaokwenda na wanaorudi. Kichocheo kinaharakisha mmenyuko kwa pande zote mbili, kwa hiyo mizani ya mwisho, pale kwenda na kurudi kunapolingana, haibadiliki, inafikiwa mapema tu. Ukimkuta mtu anasema kichocheo "kinaongeza mavuno" kwenye mmenyuko uliofikia mizani, mrudishe Kigamboni.

Ila daraja lina uwezo mmoja ambao ndio umebadilisha kemia ya miaka hii: linachagua. Ukijenga daraja kwenda kijiji kimoja na si kile cha jirani, watu watafurika kile chenye daraja. Molekuli zilezile, kwenye chombo kilekile, zinaweza kwenda kwenye mazao mawili au matatu, na kichocheo kikifungua njia moja tu, zao ni moja.

Tuchukue mnanaa na kisibiti. Harufu ya mnanaa ule wa kutia kwenye chai na harufu ya kisibiti cha kwenye mikate zinatoka kwenye molekuli moja iitwayo kavoni. Atomu ni zilezile, vifungo ni vilevile. Tofauti ni kwamba moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, kama kandambili ya kulia na ya kushoto. Pua inajua tofauti, kwa sababu vipokezi vya puani navyo vina upande. Mwili mzima uko hivyo, na ndiyo maana dawa ya upande wa kulia inaweza kutibu na ya kushoto isifanye lolote, au ikadhuru. Ukiiunda molekuli ya namna hii kwa kawaida unapata nusu kwa nusu. Ili upate upande mmoja unahitaji kichocheo ambacho nacho kina upande.

Hadi mwaka 2000, kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanywa na metali zilizovishwa molekuli maalumu, au na vimeng'enya. Mwaka huo Benjamin List, akiwa California, alijiuliza swali ambalo mwanafunzi wako angeweza kuliuliza. Kimeng'enya ni protini kubwa mno, mamia ya asidi amino, lakini kazi yenyewe mara nyingi inafanywa na asidi amino chache zilizo katikati. Je, nikichukua moja peke yake? Akachukua prolini, ambayo imo hata kwenye ngozi yetu, akaitia kwenye asetoni na aldehidi. Zikaungana, na zao likaegemea upande mmoja wa kioo. Prolini ilikuwa imewahi kutumika miaka ya 1970 kwenye mmenyuko mmoja, ila jambo hilo lilikaa kwenye majarida na halikufuatiliwa. Mwaka huohuo wa 2000 David MacMillan, naye California, akaonyesha jambo la jamaa hiyo kwa molekuli nyingine ndogo, na akaupa utaratibu huo jina. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya 2021. Mimi huipenda hadithi hii kuliko zote za kemia ya karne hii, kwa sababu prolini ni rahisi, haina sumu, haiogopi hewa wala unyevu. Maabara isiyo na mitungi ya gesi ya kuzuia hewa inaweza kufanya kazi hii.

Metali nazo hazijastaafu. Paladiamu ndiyo iliyowapa Heck, Negishi na Suzuki Tuzo ya Nobel ya 2010, kwa kuunganisha kaboni na kaboni zisizotaka kuungana, na viwanda vingi vya dawa vinaitegemea mpaka leo. Wanafunzi wako wanaijua paladiamu bila kujua kwamba wanaijua. Waulize masega ya gari ni nini. Yale matundu madogo kama ya nyuki ndani ya ekzosi yamepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu, na moshi ukipita juu yake kaboni monoksidi inageuka kaboni dioksidi, na oksidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni. Gari langu liliwahi kulala gereji siku mbili kwa ajili ya breki, likarudi na muungurumo mpya. Masega yalikuwa yameng'olewa na bomba likachomelewa vizuri kabisa. Niliumia kwa ajili ya fedha, na niliumia zaidi nilipofikiria moshi ninaowamwagia waliosimama vituoni kwenye foleni ya Mandela. Anayenunua masega anajua thamani ya kilichomo. Vichocheo vya metali adimu ni ghali kiasi hicho, na ndiyo maana siku hizi juhudi kubwa iko kwenye nikeli, chuma na shaba. Nikeli inafanya sehemu kubwa ya kazi ya paladiamu, na mara nyingine inaunganisha vitu ambavyo paladiamu imevishindwa. Nikeli hiyo ipo Kabanga, wilayani Ngara.

Mambo mengine ya karibuni nitayapitia kwa haraka, uchague la kuwasimulia. Mwaka 2016 maabara ya Frances Arnold ilichukua protini ya bakteria wa chemchemi za moto za Iceland, ikaibadilisha kidogo kidogo kizazi baada ya kizazi, mpaka ikaunganisha kaboni na silikoni, kifungo ambacho hakijulikani kufungwa na kiumbe hai chochote. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford na wa IBM huko Zürich walitengeneza pete ya atomu 18 za kaboni tupu, wakiing'oa oksijeni na kaboni za ziada kwa ncha ya darubini, juu ya utando mwembamba wa chumvi, chumvi hiihii ya jikoni, kwenye baridi iliyokaribia sifuri halisi. Mwaka 2022 wanakemia wa Tokyo walitengeneza mchemraba wa kaboni nane uliozungukwa na florini, ukaweza kuifungia elektroni moja ndani yake kama chumbani. Pete ile na mchemraba ule havina matumizi leo, na sidhani ni lazima viwe nayo.

Lakini kuna jingine ambalo usilipite haraka, hasa kwa sababu ya mtu mmoja. Mpaka juzi, mtengeneza dawa aliyetaka kubadilisha atomu moja ndani ya kiini cha molekuli, kwa mfano kuitoa kaboni kwenye pete na kuweka naitrojeni, alirudi mwanzo kabisa na kuijenga upya molekuli yote. Ni kama kubomoa ghorofa la Kariakoo kwa ajili ya tofali moja la msingi. Na tofali hilo lina maana: naitrojeni moja inaweza kuifanya dawa iyeyuke kwenye maji au ikamate vizuri pale inapotakiwa. Sasa kuna utaratibu wa kulibadilisha tofali jengo likiwa limesimama. Mwaka 2021 maabara ya Mark Levin huko Chicago ilionyesha jinsi ya kuinyofoa naitrojeni na kuacha kaboni zishikane, na mwaka 2023 ikaonyesha jinsi ya kubadilisha kaboni moja kuwa naitrojeni. Mwingine anayeongoza kazi hii ni Richmond Sarpong wa Berkeley. Alizaliwa Ghana, na amesimulia kwamba kilichomvuta kwenye kemia ni kuiona kwa macho yake, utotoni, dawa ya ivermectin ikiwaokoa watu na upofu wa mtoni. Mwambie kijana wako hilo.

Hapo nimefika kwenye swali la tatu, la sisi wa Dar. Nina majibu mawili.

La kwanza ni korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali, yanayobabua na kuwaachia kinamama wa kubangua weusi usiotoka mikononi. Kwa miaka mingi yalihesabiwa uchafu. Mafuta hayo yakipashwa moto hutoa kadanoli, ambayo ni fenoli yenye mkia wa kaboni 15, na kwenye mkia huo kuna vifungo maradufu. Sasa kuna mmenyuko unaotumia rutheniamu, uliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, ambao unafanya hivi: unachukua treni mbili, unazikata kila moja pale penye kifungo maradufu, halafu unaunga kichwa cha hii na mabehewa ya ile. Ukiiweka kadanoli pamoja na etheni (ethene), gesi yenye kaboni mbili tu, mkia unakatika na kubaki mfupi. Watafiti wa Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wakishirikiana na maabara ya David Cole-Hamilton ya St Andrews, Uskoti, walitangaza mwaka 2012 kwamba wameifuata njia ya namna hii kutoka kwenye kadanoli hadi kwenye fenoli zenye mkia mfupi ambazo mbung'o huzifuata kwenye mkojo wa ng'ombe. Zinatiwa kwenye mitego, mbung'o anakuja mwenyewe, na ugonjwa wa malale na ule wa nagana wa ng'ombe unapungua. Ganda la Mtwara, kichocheo cha Nobel, mtego wa mbung'o. Sijui mfano bora wa kumpa mtoto wa Kitanzania anayeuliza vichocheo ni vya nini.

La pili liko kwenye kabati la dawa la karibu kila nyumba ya Dar: dawa mseto. Vile vidonge vya njano, 24 kwa mtu mzima, vya kumeza siku tatu pamoja na chakula chenye mafuta, vina lumefantrine na vina artemether. Artemether inatokana na artemisinini, ambayo Tu Youyou wa China aliitoa kwenye mmea wa Artemisia annua mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Alifaulu pale alipoacha kuchemsha majani na kutumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Alishuku kwamba joto lilikuwa linaiharibu.

Na kwa nini mtu alishuku joto? Hapa ndipo molekuli hii inapovipita vikapu vya Bredt, kwa maoni yangu. Ndani yake oksijeni mbili zimeshikana moja kwa moja, oksijeni kwa oksijeni, zikiwa zimefungwa kama mpini juu ya pete. Wanafunzi wako wanajua kifungo hicho kutoka kwenye hidrojeni peroksidi: ni dhaifu, kinapasuka, hakiaminiki. Mwanakemia yeyote angekwambia kutengeneza dawa ya kumeza yenye kifungo hicho ni kazi bure. Lakini pete zilizokizunguka zimekishika kwa namna ambayo kinavumilia kiwanda, meli, joto la bohari na wiki kadhaa kwenye droo.

Watu wamejaribu kuitengeneza bila shamba. Jay Keasling na wenzake wa Berkeley walitangaza mwaka 2006 kwamba wameibadilisha hamira ikatoa asidi ya artemisini, malighafi ya artemisinini, na baadaye kiwanda kimoja cha Italia kikaimalizia kwa mwanga: rangi maalumu inaudaka mwanga na kuipa oksijeni nguvu hiyo, oksijeni iliyochangamka inaingia kwenye molekuli, rangi inarudi kama ilivyokuwa na kudaka tena. Rangi hiyo ni kichocheo, na mwanga ni mafuta yake. Ni kemia nzuri sana, lakini bei ya artemisinini ya shambani ikashuka na kiwanda hakikuweza kushindana nayo. Mmea huo umelimwa hata kwetu, huko Arusha. Waambie na hilo, ili wasidhani kwamba maabara hushinda siku zote.

Kwa hiyo Jumatatu, ukiwa na darasa, ningefanya mambo mawili. Kwanza togwa: pika uji mzito, ugawe kwenye vikombe viwili, kimoja utie kimea kibichi na kingine kimea ulichokichemsha dakika kumi, na kila baada ya dakika tano chukua tone kutoka kila kikombe na kulitia iodini. Waache wabishane kwa nini kikombe kimoja kinaendelea kutoa rangi ya bluu iliyokolea na kingine kinafifia.

Kisha mpe yule kijana pakiti tupu ya dawa mseto, alitafute umbo la artemether kwenye simu yake ileile na alichore ubaoni kwa mkono wake mpaka aziweke oksijeni mbili mahali pake. Akimaliza, muulize ni kitu gani ndani ya mgonjwa wa malaria kinachokivunja kifungo hicho, wakati kabatini hakivunjiki. Akikwama, mkumbushe kwamba kimelea cha malaria kinakula himoglobini, na himoglobini ina chuma.